Leo Nimekamua Ng'ombe Hayuko

Jameni, leo nimekamua ng'ombe hayuko na watu wakapiga makofi!

Binti yangu Wambui huchora katuni hapa nyumbani Subukia. Wenzake wa kazi kila mtu yuko kwake, wanaonana tu kwa kompyuta.

Sasa kuna kampuni ya maziwa inataka tangazo la katuni. Michoro ya penseli wamekataa mara mbili. Leo wakikataa tena, kazi inaenda kwa wengine.

Wako kwa mkutano, mimi naingia na chai polepole. Naangalia kioo cha kompyuta. Woi!

"Wambui, huyo mama mmechora anakamua akiwa nyuma ya ng'ombe? Si atapigwa teke!"

"Mum, toka, wateja wanakusikia!"

Lakini bosi wa maziwa akasema, "Ngoja. Mathe, hebu tuonyeshe."

Mimi na uoga wapi! Nikavuta stuli, ndoo katikati ya magoti, nikakamua hewa chwaa chwaa. Hata hiyo ng'ombe hayuko nikaigombeza itulie.

Wakacheka, wakapiga makofi. "Hiyo ndio ilikuwa inakosekana! Choreni huyu mama."

Wambui alinikumbatia mpaka chai ikamwagika. Kazi ni yao!

Ashanichora. Magoti ni yangu, kitambaa ya kichwa ni yangu. Lakini hiyo kiuno nyembamba ametoa wapi?

Nyinyi mnanijua. Semeni ukweli.