Rubisi ya Shemeji Niliigeuza Ushahidi

Admin, jina langu baki nalo wewe, maana Bukoba ni ndogo na mimi najulikana. Nina miaka arobaini na mbili, Mhaya wa Muleba, nakaa Buhembe. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nimefika Kampala, Kigali mpaka Lubumbashi, na hapa mjini hata wenye digrii wananiomba ushauri. Kwa bahati hakuna wa kunishinda. Mabasi mawili yamepinduka nikiwa ndani, nikatoka nakung'uta vumbi. Mungu alinipa mwili wa chuma, hauna hata doa.

Dada yangu mdogo hakupewa huo. Tangu utoto ukimshika mkono tu, kesho pana doa la bluu. Ngozi nyepesi, mishipa yote unaiona, vidole vinapinda kwa nyuma mpaka wageni wanacheka. Alipoolewa Muleba, hayo yote nikayasahau, sijui kwa nini.

Mwaka jana nilimpelekea dagaa wa Bumbire, nikakuta mikono yake ina madoa.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna, kaka. Nilibeba mkungu wa ndizi."

"Mkungu gani huo wenye ngumi?"

Nikamchukua siku hiyo hiyo nikamrudisha nyumbani kwetu. Kama mila yetu inavyotaka, mume alikuja na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kuomba mke wake. Akapiga magoti mbele ya wazee, akasema, "Waitu, wazee wangu, pombe nimeileta kwa heshima, lakini mkono wangu sijauinua." Nikamjibu, "Basi unajiinua wenyewe!" Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Yeye aliinamisha kichwa, akaomba radhi, akapewa mke.

Sasa juzi juzi, dada alikuwa anamenya ndizi asubuhi, akashika kichwa, akapiga ukelele, akaanguka. Mume na majirani wakambeba hospitali. Nilipofika nikaona madoa mapya mikononi, kumbe ni pale walipomshika kumbeba. Sikuuliza mtu. Nikaenda polisi nikaandika maelezo kwamba shemeji amempiga kichwani. Wakauliza ushahidi. Nikasema alishakiri mbele ya ukoo mzima, rubisi alileta, tukainywa. Wakamweka ndani.

Baada ya picha ya kichwa, daktari akaniita peke yangu. "Hakuna dalili ya kipigo. Mshipa umepasuka wenyewe, damu imevujia kwenye ubongo." Akauliza habari za ngozi, za vidole, na baba alikufaje. Nikamwambia alianguka ghafla kwenye kahawa zake, tukasema amerogwa. Akaandika kwenye faili. "Inaelekea ni ugonjwa wa kurithi. Ile gundi inayoshikilia ngozi na mishipa ni dhaifu. Tutathibitisha kwa vipimo, lakini ndugu na watoto wote waje waonwe." Nikatania, "Daktari, mimi niandike chuma." Hakucheka.

Ni wiki ya tatu leo. Dada yu hai, lakini upande wa kulia haunyanyuki na maneno hayatoki. Nikitaja jina la mumewe, machozi yanamtiririka, na watu wa kwetu wanasema, "Ona anavyomwogopa!" Mama ananisifu kwa kila anayekuja kumwona mgonjwa, eti mimi ndiye kaka wa kweli. Juzi mama mzazi wa shemeji alinifuata pale nje ya wodi, akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, wewe ulimwona kwa macho akimpiga?" Mimi mwenye mdomo wa kuuza hata mawe nikasema, "Mama, tusubiri mahakama." Akaondoka bila kuniaga.

Nikisema ukweli, binti yangu anachumbiwa mwezi ujao, na wakwe watakimbia ukoo wenye ugonjwa. Wazee nao watajua tulikunywa pombe ya mtu asiye na kosa. Nikinyamaza, mwanaume anaozea ndani, na wanangu hawapimwi. Ndugu zangu, nishikeni mkono: nianzie polisi, au kwa mama yangu? Nitamwangaliaje shemeji usoni?

Halafu ile ya mwili wa chuma nimewadanganya. Miguu yangu ina madoa kama ya dada, tangu utoto. Ndiyo maana hamjawahi kuniona nimevaa kaptula.