Mke wa Aliyevuka Ruvuma

Newala mtu akikuambia anakwenda ng'ambo, humuulizi ng'ambo ya wapi. Ni kule chini, ukiteremka uwanda mpaka bondeni, ukavuka Ruvuma, ukawa Msumbiji. Wageni wakifika pale Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda, hupiga picha na kusema kwamba kuzuri. Sisi tulikuwa tukitazama njia tu, tujue nani anapanda na samaki.

Mume wangu alikuwa mchuuzi wa huko. Aliteremka na sabuni za miche, chumvi, sukari na betri za tochi, akarudi na samaki wakavu kwenye gunia. Harufu ile haikutoka kwenye mashati yake hata ufue vipi, na nilimlalamikia kila mara. Alinijibu kwamba watoto wanavaa sare za shule kwa harufu hiyo hiyo. Shangazi zake wawili waliolewa ng'ambo, kwa hiyo alikuwa na pa kulala, na Kireno chake cha sokoni kilimtosha kupatana bei. Mpaka kwetu ulikuwa ni maji ya kuvuka, basi.

Halafu kule kukaharibika. Tulianza kusikia kwamba watu wanauawa na vijiji vinachomwa, kisha tukaona akina mama wanapanda mlima na magodoro kichwani. Soko letu lilinyamaza siku chache, likaendelea. Samaki wakaadimika, na watu wakawasikitikia samaki kuliko waliokuwa wakiwavua. Nasema hivyo bila kumlaumu mtu, maana na mimi nilikuwa mmoja wao. Mji wa mpakani una roho ngumu, na roho hiyo ndiyo inayokufanya uweze kukaanga vitumbua asubuhi.

Mume wangu aliteremka tena wakati wa mabibo. Alisema watu wa ng'ambo bado wanakula chumvi. Mwenye mtumbwi alimvusha salama, akamwona anapandisha baiskeli kwenye ukingo wa pili na kushika njia. Tangu hapo hakuna aliyemwona.

Watu walitegemea nilie. Jirani zangu walikuja na kanga begani, tayari kunishika, nami nikawapa chai. Sikuwa na ujasiri wowote, moyoni sikuwa na kitu tu. Ulikuwa msimu wa korosho, nikabangua korosho. Unazichoma kwenye bati lililotobolewa mpaka ziwake, unazimwagia mchanga, kisha unakaa na jiwe na kigongo, unagonga moja moja utoe mbegu nzima. Mafuta ya ganda yanaunguza, kwa hiyo tunapaka majivu mikononi. Siku moja nilisahau majivu. Nilijua ngozi imebabuka baada ya binti yangu kunionyesha.

Mama mkwe alihama kijijini kwake Mnyambe akaja kukaa kwangu. Alikuja na mkeka, sufuria na kuku mmoja, akasema atamsubiri mwanawe hapa kwa sababu ndiyo nyumba atakayofikia. Kila jioni aliweka ndoo ya maji bafuni ili mwanawe akifika aoge vumbi la safari. Newala maji tunayahesabu kama sukari. Asubuhi niliichukua ndoo ile nikafulia, naye hakuuliza, nami sikusema. Tulipatana hivyo.

Kilichonichosha ni kutokuwa na mahali. Nilikwenda kwenye unyago wa binti wa jirani, wakashindwa kujua wanikalishe na wake za watu au na wajane, nikaishia jikoni kuchochea kuni. Mtani wangu mmoja wa Kiyao alinitania mbele ya watu kwamba mume wangu ameoa Mmakua mnene huko ng'ambo, anaogopa kurudi kwa sababu ya ulimi wangu. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kwa kweli lilikuwa jambo jema kuliko mengine niliyokuwa nikiyawaza.

Nilitaka niitwe mjane. Naandika hivyo hivyo kama ilivyokuwa. Aliyetaka kuniposa hakuwepo, watu wasijisumbue kukisia. Mjane anakaa eda, anaitoka, anajua kesho ni siku gani. Mimi nilikuwa nasikia mlango wa jirani ukigongwa, nasimama.

Ndipo mjomba wa mume wangu akaja kutoka Masasi. Kwetu ukoo unapita kwa mama, na neno la mjomba ndilo linalofunga mambo ya mtu, awe hai au amekufa. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akala ugali wake kwa utulivu. Alipokwisha nawa mikono alisema amezungumza na sheikh, kwamba mke wa aliyepotea hafungwi maisha. Asome hitima ya mpwa wake, mimi nikae eda, mambo yaishe.

"Yaishe kwa nani?" mama mkwe aliuliza.

"Kwa wote, dada yangu. Huyu ntoto wa watu unamweka hivi mpaka lini?"

"Mwenyewe kakulalamikia?"

Mjomba akanitazama. Nikasema, "Mimi nawasikiliza nyinyi wakubwa." Lakini moyoni nilikuwa namsukuma mzee yule aseme, asirudi nyuma.

Mama mkwe akasema basi tuulize unga. Ni jambo la wazee wetu wa uwandani, wa kabla ya misikiti na makanisa. Unamimina unga wa mtama chini kwa vidole, taratibu, ukijenga kichuguu chenye ncha, huku ukiwatajia waliotangulia shida yako. Unafunika kwa bakuli, unalala. Asubuhi ukikuta unga umesimama na ncha yake, wamekubali neno lako. Ukikuta umeporomoka, wamekataa. Mjomba alikuwa mtu wa swala tano, ila hakubisha. Aliuliza tu neno gani litakaloombwa.

"Tuombe wampokee," mama mkwe alisema. "Unga ukisimama, wanaye. Utasoma hitima yako na mimi nitalia."

Aliumimina mwenyewe pembeni ya mlango jioni ile. Kichuguu kilitoka vizuri, chembamba juu. Akafunika. Nililala usingizi mzito, jambo ambalo watu hawalitegemei nikiwaeleza.

Asubuhi tulikusanyika watatu. Watoto walikuwa wameshakwenda shule. Mama mkwe alipiga magoti, akainua bakuli.

Unga ulikuwa umesimama. Ncha ilikuwa kali kama alivyoiacha, hata sisimizi hakuwa amepita. Mjomba alivuta pumzi aanze kusema, "Inna lillahi," na mimi nilisikia mabega yangu yakishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nilifurahi. Ndiyo hisia ya kwanza niliyoipata tangu mume wangu aondoke, na ilikuwa furaha ya kuthibitishiwa kwamba amekufa.

Mama mkwe hakuinuka. Aliutazama unga kwa muda, kisha akanyoosha kidole cha shahada, akaigusa ncha. Ikamomonyoka. Akasukuma tena kidogo, ubavu wote ukashuka.

"Umeanguka," akasema.

Kidole chake kilikuwa bado cheupe na wala hakukificha. Mjomba alimtazama dada yake, akatazama dari, akatazama kofia yake mkononi. Ni mtu aliyeamua kesi za mashamba huko Masasi, hakuogopa watu. Nilimsubiri.

"Umeanguka," mjomba akasema.

Kisha mama mkwe akanigeukia mimi. Hakuniomba kwa maneno. "Nkwe wangu," alisema, "nawe umeona?"

Niliona. Nilikuwa na macho kama wao. Neno moja tu lingetosha, maana mjomba angelidaka na kulishikilia, na yule mama angelia siku hiyo hiyo, mbele yangu, nyumbani kwangu, kilio chote alichokuwa amekiweka.

"Umeanguka, mama," nikasema.

Mjomba alivaa viatu, akaaga. Mama mkwe aliniambia nifagie unga usije ukaliwa na kuku. Nikafagia. Mpaka leo mtu akiniuliza, nina mume.