Leseni ya Programu ya Funza

Jenipha Luhaga wa Bariadi ni mbishi, na mimi binamu yake nasema hivyo kwa mapenzi. Miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi, wanunuzi walijaa, na wauza dawa wakajaa zaidi, kila mmoja akiapa kuwa chupa yake ndiyo inayoua funza wa vitumba. Mabwana shamba wa ushirika walikuwa wamebaki majina tu. Jenipha, aliyekuwa akifundisha kompyuta karibu na stendi, alichoka kuona wakulima wakipuliza dawa hovyo. Akaandika programu: unaieleza funza uliowaona shambani, nayo inakujibu upulize au usubiri. Akaiweka kwenye mtandao, atakaye achukue, akajiona kamaliza kazi.

Wapi! Seydou, fundi wa kompyuta wa huko Mali ambako nako wanalima pamba, alimwandikia kwamba yeye na wenzake wanataka kuiboresha, ila hawawezi kuigusa kwa kuwa haina leseni. Jenipha alinijia kafura.

"Nimewapa bure, wanataka nini tena? Niwasongee na ugali?"

Seydou alimweleza kwa upole: bila maandishi, kisheria kazi ni yake peke yake. Achague kati ya leseni mbili. Leseni ya kwanza inaruhusu mtu achukue, abadilishe, hata aifunge, wengine wasione ilivyoandikwa wala kuirekebisha, na kuiuza kama yake. Ya pili inaruhusu yote hayo isipokuwa kuifunga: ukiibadilisha na kuwagawia wengine, nawe unaiacha wazi.

Constantine, mwenye duka kubwa la dawa mjini, alimsihi achukue ya kwanza. "Dada, usiwabane watu. Mimi nitaisambaza mpaka Maswa."

Maneno matamu. Lakini Jenipha alimjua: angeifunga, na kila jibu lingekuwa "puliza", tena dawa ya Constantine. Aliogopa kweli. Aliogopa pia kwamba masharti yangewakimbiza akina Seydou, na peke yake asingefika mbali.

Jumapili nilimsindikiza kwao Mwamapalala. Tulimkuta mama yake, Kornelia, akigombana na Nkinda, jirani ambaye mama alikuwa amemkabidhi ng'ombe awatunze, kama tufanyavyo Wasukuma. Mtunzaji anakunywa maziwa na kupeleka samadi shambani kwake, lakini ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe akifa, mtunzaji analeta ngozi iwe ushahidi.

"Ndama wa yule mwekundu yuko wapi?"

"Yupo, mayu," alijibu Nkinda, yaani mama kwa Kisukuma. "Ananyonya."

"Basi sema yupo! Maziwa sijakunyima. Ndama usinifiche."

Mimi nilicheka. Jenipha hakucheka. Njiani kurudi akaniambia, "Nilitoa ng'ombe bila kutaja ndama. Nilidhani dunia nzima inajua."

Kesho yake alichagua leseni ya pili. Constantine alinuna. Seydou alijibu kwamba hata wao walitaka hiyo, kwani kwao wapo akina Constantine wengi tu.

Msimu uliofuata programu ilirudi kutoka Mali ikiwa na picha za funza kwa wasiojua kusoma. Constantine naye aliisambaza Maswa, ikiwa wazi, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Siku programu ilipowasili kutoka Mali, Jenipha alifurahi sana. Akampigia mama yake simu.

"Mayu, yule ng'ombe niliyempeleka Mali kazaa."

"Ndama umemwona?"

"Ninaye hapa."

"Haya. Na yeye mpe mtu amtunze."