Kinyozi na Bendi Isiyoimba

Kinyozi wa mtaa wa Mwisenge, Musoma, hufungulia muziki wa bendi moja tu, magitaa na dramu bila mwimbaji. Wateja wakilalamika, huwapangusa nywele mabegani taratibu na kuendelea kunyoa. Ukifika wimbo uliopewa jina la kijiji cha kwao kinyozi, kilichohamishwa kupisha mgodi, makaburi yakabaki ndani ya uzio, huzima mashine na kusimama wima, hata kama kichwa kimenyolewa nusu.

Jumamosi bendi ilipokuja Musoma, alivaa shati la kanisani. Wimbo ule ukaanza. Akavua kofia, machozi yakamtiririka asiyafute. Jirani yake Adventina akamnong'oneza, "Sasa mbona hawasemi kitu?"

"Maneno tulikuwaga nayo, dada," akajibu. "Tukayasema yote, na tingatinga likaja tu."