Uji Haumpeleki Mtu Mbinguni

Kila nipitapo palipoanikwa mkonge mbichi, harufu yake ya uchachu, nusu majani nusu sabuni, hunirudisha kambini, katika shamba la mkonge kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, nilikokulia miaka ya hamsini. Singa nyeupe, nyuzi za mkonge, zilitundikwa kwenye waya, safu baada ya safu mpaka macho yachoke, na upepo wa bahari ulipozipitia zilipumua kama kitu chenye uhai. Nilikuwa na miaka minane. Nilitembea polepole katikati ya weupe ule, mikono nimeinyoosha, nikiamini kabisa kwamba mbinguni ndivyo kulivyo.

Na habari za mbinguni, wenzangu, nilijiona ninazijua. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, Mshambaa aliyeteremka kutoka milimani kuwahubiria vibarua. "Mbinguni haingii mtu kwa jasho lake," alizoea kusema. "Huingia kwa imani." Nililipenda sana neno hilo. Siku moja mama aliponiambia nifagie uwanja, nilimjibu kuwa matendo hayaokoi. Alinijibu kwa mwiko, nikafagia.

Jirani yetu alikuwa Bi Agata, mjane wa Kingoni kutoka Songea, Mkatoliki asiyevua rozari yake shingoni. Kila alasiri alivuka uwanja na ndoo ya maji ya moto na bakuli la uji, akaingia chumba cha mwisho katika safu yetu. Humo alilala Bukuru, Muha wa Kigoma, aliyechomwa mguuni na mwiba wa mkonge, jeraha likageuka donda ndugu. Harufu ilitoka mpaka nje. Wenzake walikuwa wamehamia vyumba vingine, nasi watoto tulipita pale mbio, pua tumeziba.

Alasiri moja nilitoka mafundishoni kichwa kimenijaa, nikamsimamisha Bi Agata njiani.

"Shikamoo, Bi Agata."

"Marahaba, mwanangu."

"Uji haumpeleki mtu mbinguni," nikamwambia. "Baba kasema."

Baba alikuwa ameketi barazani nyuma yangu, kitabu cha nyimbo mkononi. Nilipaza sauti makusudi, nikingojea sifa.

Bi Agata hakukasirika. Aliweka ndoo chini, akapumzisha mkono. "Baba yako kasema kweli," akanijibu. "Lakini Bukuru hakuniomba mbingu, Naomi. Kaniomba uji." Akainua ndoo yake akaenda, mvuke ukimfuata nyuma.

Nikageuka. Baba alikuwa akinitazama kwa uso nisioujua. Alikiweka kitabu chini, akavua koti, akakunja mikono ya shati, akachukua ndoo yetu. Mama alimwuliza anakwenda wapi, naye ameshauvuka uwanja. Nilimwona akiinama mlangoni kwa Bukuru, akaingia. Tukasikia maji yakimiminwa, tukamsikia Bukuru akilia kwa maumivu, kisha sauti ya Bi Agata ikimwamrisha baba kama mtoto wake wa kumzaa: "Shika hapa, mwalimu. Usigeuze uso."

Baba aliporudi alitapika nyuma ya jiko. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa, majuma mengi. Nikijibanza dirishani niliwasikia wakibishana juu ya Bikira Maria na neema, huku mmoja kashika mguu na mwingine anafunga kitambaa. Bukuru, ambaye hakuwa amebatizwa na upande wowote, ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza.

Jumapili baba alihubiri yaleyale: imani, si matendo. Nilichanganyikiwa. Tukirudi nyumbani nikamwuliza, "Sasa Bukuru unamwosha wa nini?"

"Wokovu ningekuwa bado nautafuta, mwanangu, ningekuwa na shughuli nyingi mno," akasema. "Lakini nimeshapewa. Basi mikono yangu ina nafasi."

Donda lilifunga. Bukuru alipanda lori lililowarudisha wenzake kwao, akichechemea, wala hakuaga kwa Kilutheri wala kwa Kikatoliki. Aliwapungia mkono baba na Bi Agata, wote wawili.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile baba alinikasirikia mimi, kwamba aliingia chumba kile ili kunionyesha kosa langu. Alikuwa ameshafariki, nami nina wajukuu, nilipokumbuka jambo ambalo mtoto hakuwa na sababu ya kulitilia maanani. Tangu Bukuru alipougua, kila jioni tulipiga magoti mkekani tukamwombea kwa jina, baba akiongoza, macho ameyafumba. Na kutoka mkeka ule hadi mlango wa Bukuru hazikuzidi hatua ishirini. Uso ule haukuwa wa hasira. Baba alikuwa amejiona yeye mwenyewe katika maneno yangu.