Marudio Yaliyooshwa

Mpaka leo nikiona karoti za Lushoto sokoni, zimeoshwa zinang'aa, hasira hunipanda. Karoti hazina kosa. Kosa ni la ofisi yetu, na nitalisema.

Tulitumwa kupima marudio, ule mchanga unaobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa, kwenye mgodi uliokufa zamani juu ya kijiji kimoja cha Usambara. Wakubwa walitaka kujua kama mna madini yanayogombewa siku hizi kwa ajili ya betri. Kazi ya pili, waliyoitaja juu juu, ilikuwa kupima kama lundo lile linatoa maji ya tindikali.

Kwangu hiyo ya pili ndiyo ilikuwa kazi. Mama tuliyefikia kwake alilima karoti chini ya lundo, na mfereji wake ulipita ubavuni mwa mchanga ule. Mawe ya mfereji yalikuwa na rangi ya kutu, na tuta la kwanza halikuota kitu. Nikamsihi asifungulie maji mpaka majibu yatoke. Akakubali, akawa anateka maji kwenye chemchemi ya bondeni na kupanda mlima na ndoo kichwani.

Siku ya kuondoka gari letu lilikwama kwenye utelezi. Nikaacha mifuko ya marudio tuliyochota ya kupeleka kupimwa barazani kwake, nikaenda kusukuma. Niliporudi nilikuta mchanga wote umeanikwa juu ya majani ya migomba, unametameta.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuoshea, mwanangu. Mzigo wa kwenda mjini hautoki hapa na matope. Watatusema."

Ndivyo wafanyavyo kule: karoti haipandi lori kabla ya kuoshwa. Ningemgombeza vipi? Nilikaa kizingitini nikataka kulia. Tindikali ilikuwa imekwenda na maji, na mchanga mwepesi pia. Zilibaki punje nzito, zenye madini.

Nikampigia mkuu wangu, nikaomba siku moja tu tuchukue upya.

"Leta hivyo hivyo. Gari linatakiwa kwingine."

Nikamweleza tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto wa chekechea. Akakata simu.

Majibu yakatoka: madini mengi, tindikali hakuna. Ofisini wakapeana mikono. Niliposema huo ni mchanga uliooshwa, nikaambiwa nina roho ya kwa nini. Nikiwa bado nabishana, habari zikafika kijijini.

Nikampigia yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Ahsante sana. Tumetangaziwa mkutanoni, maji ni mazima."

"Mama, usifungulie mfereji. Majibu yale si ya kweli."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Nimeshafungulia tangu jana, mwanangu. Ndoo zimeniua shingo."