Mguu Kwenye Mchoro wa Nne

Baba yangu ni mchoraji, na watu wakisikia hivyo hufikiria milima na machweo. Baba alichora skrubu. Tangu alipotufuata Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hadi alipostaafu, kazi yake ilikuwa kuchora zile karatasi za maelekezo zinazokuja ndani ya boksi la kabati au meza, ambazo watu huzitupa kisha wakazitafuta kwenye takataka. Ofisi ya kampuni ilikuwa Markham, mji wa jirani. Yeye alichorea nyumbani kwetu Downsview, kwenye meza ya chakula, nasi tukala sahani zikiwa mapajani.

Alikuwa na sharti moja: hachori asichokiona. Boksi likiletwa, mama alikaa chini sebuleni akaliunga kabati hatua kwa hatua, na baba akachora mikono yake. Ndiyo maana mikono ya mama imeingia katika nyumba nyingi za Richmond Hill, kwa wenye nacho, ambako hatujawahi kualikwa.

Kabati moja la vitabu lilileta taabu kwenye hatua ya nne. Ubao mrefu ulitakiwa usimame wakati skrubu inakazwa, na mama, bila hata kufikiri, aliubana kwa mguu. Baba akauchora mguu, vidole vyote vitano, tena vizuri sana. Ofisi ikarudisha mchoro. Mguu utoke, walisema, na mkataba wa mwaka ujao utasubiri hadi utoke.

Baba alikasirika kwa adabu, ndivyo anavyokasirika. Angeweza kuufuta kwa dakika tano. Badala yake aliandika barua ya kurasa mbili kueleza kwamba kwetu seremala hufanya kazi hata kwa mguu, kwamba baba mkwe wake alikuwa seremala, na kwamba binti karithi. Mimi nilipewa kusahihisha Kiingereza. Nilikuwa na miaka kumi na sita na ule mguu ulinitia aibu kuliko ninavyopenda kukiri.

"Just erase it, Baba," nilimwambia.

"Mila haifutwi," akanijibu.

Mama alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Akaomba asomewe barua, nikamsomea kwa Kiswahili, kadiri nilivyoweza.

"Marehemu baba hakuwahi kutumia mguu," alisema. "Alikuwa na wasaidizi wawili. Ungemkanyagia ubao wake angekuchapa."

"Sasa wewe ulijifunzia wapi?" baba akauliza.

"Hapa hapa. Ile miaka minne kabla hujaja. Kitanda cha hawa watoto nilikifunga mwenyewe, mguu huku, kidevu kule. Ningemwambia nani anishikie?"

Hakusema kwa ukali, na vitunguu viliendelea kumenywa. Ile miaka minne nyumbani kwetu iliitwa miaka ya viza, na msimuliaji alikuwa baba: foleni, mihuri, karani aliyekwenda kunywa chai asirudi. Simulizi ilikuwa nzuri na wageni waliipenda. Habari za upande wa mama hakuna aliyewahi kuziuliza, hata mimi niliyelala kwenye kitanda kile hadi miguu ikavuka ukingo. Niliumia, na sikujua niuweke wapi uso wangu.

Baba alichukua barua mikononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakuituma.

Jumamosi asubuhi alizifungua upya mbao za lile kabati, akanipa kamera nipige picha ya kuchorea. Akakaa chini mbele ya mama, magoti yakimlalamikia, akaushika ubao kwa mikono miwili. Mama alivuta mguu wake nyuma na kuchukua bisibisi. Mimi nikapiga picha moja, nyingine, nikaona mikono minne.

"Nitawaandikia kwamba hatua hii inahitaji watu wawili," baba alisema.

"Hata wakati ule ilihitaji wawili," mama akasema, akaanza kukaza.